Ruksa ya Kunakili: Programu Huria na Ramani ya Tandale

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Hazina ilikuwa imenunua kompyuta ya kwanza ya serikali mwaka 1965, na baada ya miaka michache hesabu zilizohamishiwa kwenye mitambo zikavurugika, huku fedha za kigeni zikizidi kutoka kulipia mashine, vipuri na wataalamu wa nje. Watu wa rika langu tumezoea kulisimulia katazo lile kama ushamba wa enzi za siasa. Mimi nalisoma vingine. Nchi ilikuwa inalipia vitu ambavyo haikuweza kuvifungua, kuvirekebisha wala kuvirithisha kwa watoto wake, na waliofunga mlango walikuwa wameliona hilo. Dawa yao ndiyo iliyokuwa mbaya, ugonjwa waliutambua.

Katazo lilikuja kulegea katika miaka ya 1980, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 kompyuta zilikuwa zikiuzwa wazi mjini. Mimi nilizikuta mwaka 2005 katika chuo kidogo cha ghorofani pale Mwenge, nikisomea cheti. Kila mashine ya chuo kile ilikuwa na programu zilizotoka kwenye pochi moja ya fundi wetu. Pochi ilijaa sidii za kuchoma, na juu ya kila sidii namba ya kufungulia ilikuwa imeandikwa kwa maka peni. Ndivyo ilivyokuwa Kariakoo, Manzese na Temeke nzima: mtu ananunua kompyuta, anamwita fundi, fundi anampigia windo, analipwa, anaondoka. Hakuna aliyeuliza nani kampa fundi ruhusa.

Sheria ilikuwapo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ilikwisha kuziweka programu za kompyuta katika kundi la kazi zinazolindwa, pamoja na vitabu, nyimbo na ramani, na COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, iliundwa chini ya sheria hiyohiyo. Huku kwetu ilijulikana kwa habari za kanda na sidii za muziki tu.

Siwalaumu mafundi wale. Programu moja halali ya ofisi iliuzwa kwa fedha ambazo mwalimu wa shule ya msingi hakuzipata kwa mwezi mzima wa kufundisha. Ninachosema ni kwamba kopi ya wizi ilitunyima mambo makubwa kuliko usalama wa kisheria. Programu uliyoiiba huwezi kuitafsiri ukaitoa hadharani kwa jina lako. Huwezi kuifungua uone ilivyojengwa. Mwalimu hawezi kumwambia mwanafunzi aende nayo nyumbani kwa ujasiri. Kila mtu alibaki mtumiaji, tena mtumiaji anayejificha.

Mwaka huohuo wa 2005 mwenzetu mmoja darasani alipokea bahasha kutoka ng'ambo kwenye sanduku la posta la baba yake. Ndani mlikuwa na sidii za Ubuntu, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa imeanza kuzituma bure popote duniani kwa yeyote aliyeomba. Huduma hiyo ilidumu hadi Aprili 2011. Jalada lilieleza kwa maneno mepesi kwamba aliyeshika sidii ile anaruhusiwa kisheria kuinakili na kuwagawia wenzake. Tuliisoma sentensi ile kwa mshangao, tukapeana jalada mkono kwa mkono. Programu zote tulizokuwa tumezitumia kabla yake zilikuwa na onyo la kutonakili.

Ni muhimu kukumbuka hali ya intaneti ilivyokuwa. Mkongo wa baharini wa Seacom ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na kwenye intaneti kafe za Sinza na Mwenge tulilipa kwa saa. Faili lenye ukubwa wa sidii nzima, megabaiti mia saba, lisingeshuka hata ungekesha. Wazungumzaji wa programu huria walipokuja vyuoni walisifu sana haki ya kusoma msimbo na kuubadilisha. Haki hiyo ni kubwa, lakini iliyotufikia kwanza sisi ni ya kusambaza. Sidii moja iliyoingia kwa posta ilizaa nyingine, zikasafiri kwa daladala hadi Mbagala na Gongo la Mboto, bila mtu kulipia hata saa moja ya intaneti.

Sehemu kubwa ya sidii ile ilisimamiwa na leseni ya GPL, toleo la pili, la Juni 1991. Leseni hiyo ni zao la mradi wa programu huria wa GNU, ambao Richard Stallman aliutangaza Septemba 1983. Niliisoma baadaye sana, kifungu kwa kifungu, nikiwa na kamusi pembeni, na nashauri kila mwenye biashara ya kompyuta aisome. Kifungu cha 1 kinaruhusu kutoza ada kwa kazi ya kunakili. Kifungu cha 3 kinaweka deni: anayetoa programu iliyokwisha kujengwa lazima atoe na msimbo wake, au aambatanishe ahadi ya maandishi, ya kudumu angalau miaka mitatu, kwamba yeyote atakayeuomba atapewa bila kutozwa zaidi ya gharama ya kunakili. Anayegawa bila kufanya biashara anaruhusiwa kupitisha tu ahadi aliyoipokea yeye. Kwa hiyo mwanafunzi aliyemchomea mwenzake bure alikuwa sawa kabisa. Mwenye kibanda aliyeziuza sidii zilezile pale Manzese alidaiwa awe tayari kutoa msimbo, na wachache sana walilijua hilo.

Kifungu hichohicho kina maneno ambayo watu huyapita haraka. Msimbo kamili, kinasema, ni pamoja na hati zinazoelekeza namna ya kuijenga na kuisimika programu. Walioandika leseni ile walikuwa wajenzi wenyewe, na walijua kwamba msimbo wa programu kubwa bila hati zake za ujenzi utaukodolea macho tu. Unahitaji kompaila, unahitaji zana inayopanga lipi lijengwe kabla ya lipi, unahitaji kujua toleo gani la maktaba ipi. Mtu akikunyima hayo amekunyima programu, hata kama amekupa mistari yote ya msimbo.

Hapa kwetu jambo hilo lilipata ushahidi wake Mlimani. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya Kiswidi iitwayo it+46, iliendesha mradi wa Kilinux, na Desemba 2004 ukatoka Jambo OpenOffice: programu ya ofisi yenye menyu, maonyo na maelezo kwa Kiswahili. Haikuwa programu ya kuchezea. Ilikuwa OpenOffice nzima, iliyotokana na programu ambayo Sun Microsystems iliinunua pamoja na kampuni ya StarDivision ya Hamburg mwaka 1999, kisha ikaufungua msimbo wake mwaka 2000. Hakuna aliyepanda ndege kwenda kuomba ruhusa Marekani. Leseni ya LGPL iliyoambatana na msimbo ilikwisha kuitoa kwa kila mtu: tafsiri, jenga upya, sambaza, mradi mabadiliko yako kwenye msimbo uliopewa yabaki wazi kwa wengine. Na kuijenga ilikuwa shughuli. OpenOffice ya miaka ile ilikuwa mzigo wa mamilioni ya mistari, na mashine ya kawaida ilitaabika nayo kwa saa nyingi, lakini zana za kuijengea, kompaila ya GCC na wenziwe, nazo zilikuwa huria.

Jambo OpenOffice ilinifikia kwa sidii ya kopi, ikiwa imepita mikononi mwa watu nisiowajua. Niliifungua chuoni na nikasoma menyu kwa lugha yangu. Mama yangu mdogo, aliyekuwa karani wa ushirika wa akina mama Magomeni na ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, aliandika barua yake ya kwanza ya kompyuta kwenye programu ile. Microsoft nayo ilitoa Kiswahili chake kwa Windows na Office muda si mrefu baadaye, na sina shaka kwamba kazi ya Mlimani iliisukuma.

Kisha fedha za mradi zikaisha, kama zinavyoisha za kila mradi, na watu wakatawanyika kwenda kwenye ajira zao. Jambo OpenOffice kama jina ilizimika. Lakini OpenOffice yenyewe ilipoingia mikononi mwa Oracle mwaka 2010, na sehemu kubwa ya wajenzi wake wakajitenga Septemba ya mwaka huo kuanzisha LibreOffice, Kiswahili kilihama pamoja nao. Hadi leo LibreOffice inakitambua kwa alama ya sw-TZ, Kiswahili cha Tanzania. Hakuna mkataba mpya uliohitajika, wala mtu wa kusaini. Msimbo ulihama na leseni yake, na tafsiri ndani yake.

Kuna leseni za aina nyingine zisizodai kiasi hicho, na haki itendeke kwazo. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, unatolewa kwa leseni ya BSD: chukua, badilisha, hata ufunge ukitaka, mradi usiondoe tamko la hakimiliki. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameufanyia kazi kubwa, na leo takwimu za vitabu vya MTUHA, rejesta za huduma za afya, kutoka zahanati za Temeke na Kinondoni zinaingizwa humo. Leseni nyepesi imetufaa pale. Kwa ramani, kama nitakavyoeleza, nyepesi isingetosha.

Sasa nije Tandale, ninapoishi na kufanyia kazi. Kata yetu ina mitaa sita: Kwa Mtogole, Kwa Tumbo, Pakacha, Sokoni, Mhalitani na Mkunduge. Mto Ng'ombe unapita humo, na nyumba zimebanana hadi jeneza linapotoka watu hulazimika kuliinamisha. Kwenye ramani za intaneti za miaka ile Tandale ilikuwa doa tupu lenye barabara chache pembeni. Ramani za serikali zilikuwapo Wizara ya Ardhi, nyingine zikiwa na asili katika kazi ya idara ya Waingereza ya upimaji wa makoloni, iliyoanzishwa 1946, lakini zilitoka kwa utaratibu wa ofisi na kwa malipo, na hazikuonyesha choo cha nani kinafurika wala bomba lipi limekauka.

Mwaka 2011 wakaja wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi, wakiwa na watu wa GroundTruth Initiative waliotoka kuchora Kibera, Nairobi, kazi waliyoianza mwaka 2009. Benki ya Dunia na mashirika ya Twaweza na CCI yalikuwa nyuma yao. Wakazi tuliojitokeza tulipangwa kwa mitaa. Mimi nilikuwa kundi la Kwa Tumbo. Tulitembea na vifaa vya GPS vya mkononi na makaratasi, tukiweka alama visima, vyoo vya kulipia, majaa, shule, misikiti, makanisa, baa, mitaro, na sehemu maji yanaposimama. Jioni tuliyaingiza kwenye JOSM, programu ya Java ya kuchorea OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Mwanafunzi aliyekaa nami alikuwa na subira ya ajabu. Nilipoweka mtaro juu ya nyumba ya watu alinionyesha taratibu picha ya setilaiti hadi nikaelewa.

Mjumbe wetu, mzee aliyekuwa fundi cherehani tangu ujana wake, ndiye aliyeuliza swali ambalo wataalamu hawakulitarajia. Tulikuwa tumekaa barazani kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Wanangu," alisema, "hii programu mnayochorea ina mwenyewe. Kesho mwenyewe akija, hatasema ramani ni yake?"

Mwanafunzi akamjibu, "Hapana mzee. Cherehani yako ilitengenezwa na Singer, lakini gauni ukilishona ni la mteja wako."

"Na uzi je?" mzee akauliza. "Mashine ikiacha uzi wake kwenye gauni?"

Sijui kama mzee alijua alivyopiga penyewe. Hilo ndilo swali gumu kuliko yote katika leseni za zana za ujenzi, na limewahi kuwasumbua watengenezaji wakubwa. JOSM na QGIS, programu nyingine ya ramani, ziko chini ya GPL, na GPL haigusi unachokichora kwa kutumia zana. Lakini ziko zana zinazoacha sehemu ya msimbo wake ndani ya kile zinachokizalisha. Bison, zana ya GNU inayotumika kujengea visomaji vya lugha za programu, ilikuwa inabandika kipande chake chenyewe katika kila ilichozalisha, kwa hiyo kwa miaka mingi aliyeitumia alilazimika kuifanya programu yake nzima kuwa huria. Walikuja kuongeza ruksa maalumu iliyokiachia kile kipande. Kompaila ya GCC nayo huacha sehemu za maktaba yake ndani ya programu inazozijenga, na ruksa yake iliandikwa upya Januari 2009 ili kufafanua nani anaruhusiwa nini. Mwenye kujenga programu leo Sinza au Kigamboni anaiuza kwa amani kwa sababu watu walikaa chini wakajibu swali la uzi.

Data ya ramani yenyewe ilikuwa na leseni yake, na mwaka uliofuata leseni hiyo ikabadilika. OpenStreetMap ilianzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004, wakati data ya shirika la ramani la taifa lao ilikuwa ghali na imefungwa. Ilianza na leseni ya Creative Commons ya kugawana kwa masharti yaleyale. Leseni hiyo iliandikwa kwa ajili ya kazi za ubunifu kama picha na maandishi, na ramani yao ilikuwa hifadhidata ya mambo ya kweli: barabara ipo hapa, kisima kipo pale. Wanasheria walitilia shaka kama hakimiliki peke yake inalinda orodha ya visima. Baada ya miaka ya ubishi, tarehe 12 Septemba 2012, OpenStreetMap ilihamia ODbL, leseni iliyotungwa kwa ajili ya hifadhidata, inayosimama juu ya hakimiliki, haki ya hifadhidata ya Ulaya na mkataba kwa pamoja.

Kuhama huko kulikuwa na gharama. Kila mchangiaji wa zamani aliombwa kukubali masharti mapya, na kazi ya waliokataa au wasiopatikana iliondolewa katikati ya 2012. Australia na Poland zilipoteza barabara nyingi. Tandale haikuingia katika msukosuko huo: akaunti zilizofunguliwa kuanzia Mei 2010 zilikuwa zinakubali masharti mapya tangu siku ya kujiandikisha, na sisi tulifungua zetu 2011. Tulibofya "nakubali" bila kusoma, na kubofya kule ndiko kulikoiweka salama kazi yetu. Tangu hapo nimekuwa nikisisitiza kwa kila kijana anayekuja kujifunza kwangu asome anachokikubali, hata kama ni saa nzima.

Kulikuwa na njia nyingine ambayo tungeweza kuifuata. Google ilikuwa na Map Maker tangu 2008, ambako watu walichora mitaa yao kwa mapenzi, lakini walichokichora kiliingia katika hazina ya Google kwa masharti ya Google. Januari 2012 Benki ya Dunia, ileile iliyosaidia Tandale, ilitangaza makubaliano ya kushirikiana na Map Maker. Wachora ramani wa jamii duniani walipinga kwa sauti, na miezi michache baadaye Benki ikaeleza kwamba itaunga mkono uchoraji wa wananchi pale tu data inapokuwa wazi kwa wananchi wenyewe. Map Maker ilifungwa Machi 2017. Waliochora humo hawakuwa na haki ya kuichukua data yao yote na kuendelea nayo kwingine kama watu wa LibreOffice walivyofanya. Hii ndiyo sababu naamini kwamba kwa ramani ya maskini leseni nyepesi haitoshi. Mtaa uliochorwa na wenyewe kwa miguu yao unahitaji sharti kwamba atakayeiongezea ramani ile na kuitoa hadharani airudishe kwa wote.

Desemba 2011 mvua kubwa iliizamisha Dar es Salaam. Makumi ya watu walikufa, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Huzuni ile ndiyo iliyowafanya wakubwa waone thamani ya ramani inayoonyesha mtaro umeziba wapi. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria: Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Humanitarian OpenStreetMap Team, Chama cha Msalaba Mwekundu, na mamia ya wanafunzi wa Ardhi na Mlimani waliosambaa katika kata zinazofurika, kuanzia Tandale hadi Hananasif na Kigogo. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha za anga, na picha zikatolewa kwa leseni inayodai kutaja chanzo tu. Madodoso yalijazwa kwa ODK, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, yenye leseni ya Apache. Athari za mafuriko zilikadiriwa kwa InaSAFE, iliyotengenezwa Indonesia na kutolewa kwa GPL toleo la tatu. Watu wa Jakarta walikuwa wamezama na kujifunza kabla yetu, na kwa kuwa zana yao ilikuwa huria, maarifa yao yalifika bonde la Msimbazi bila ankara. Agosti 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika katika Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere. Afrika ilikuwa imeupokea mara moja tu kabla ya hapo, Cape Town 2008.

Steshenari yangu iko kando ya barabara, karibu na Kwa Mtogole. Natoa kopi, naprinti, nafanya laminesheni, napiga picha za pasipoti, na nauza ramani za mitaa. Ramani ndiyo bidhaa inayoniletea maswali. Wiki chache zilizopita alikuja kijana wa kampuni ya ujenzi wa mitaro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nataka ramani ya Pakacha na Mhalitani, kubwa, niibandike kwenye zabuni. Ila naogopa. Bosi ameniambia ramani za watu zina kesi."

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote. Chapa, uza, weka kwenye zabuni, yote yameruhusiwa, hata kwa faida. Ramani iliyochapwa inahesabiwa katika ODbL kuwa kazi iliyotokana na hifadhidata, na unaweza kuipa masharti yako. Deni la kwanza ni kuonyesha chanzo: uandike kwamba data ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap na inapatikana kwa leseni ya ODbL. Deni la pili linakuja ukiigusa data yenyewe. Ukipima mitaro kwa upya, ukaichanganya na data ile kisha ukatoa ramani hadharani, wenye kuomba hifadhidata yako hiyo iliyoboreshwa wana haki ya kuipata kwa leseni ileile. Ukiichanganya na kuitumia ndani ya ofisi yako tu, hudaiwi. Aliondoka na ramani mbili na mstari wa chanzo umeandikwa vizuri kwenye kona.

Si wote wanaofanya hivyo. Nimeona kampuni moja ya viwanja ikitumia mitaa yetu kwenye bango lake, vichochoro vyote na kisima cha Kwa Tumbo mahali pake hasa, na chini imeandikwa hakimiliki ya kampuni. Nilikwenda ofisini kwao kwa heshima na nikawaonyesha. Waliniambia ramani wameipata kwenye intaneti, kwa hiyo haina mwenyewe. Niliumia. Kichochoro kile nilikipita mimi juani, na akina mama walionionyesha maji yanapoingia ndani mwao walinipa muda wao bila posho. Wakati wa kuchora tuliambiwa jina letu litakaa kwenye ramani kupitia mstari ule wa wachangiaji, na huo ndio ujira pekee tulioahidiwa. Anayeufuta anawanyang'anya watu wasio na kitu kingine cha kunyang'anywa.

Nawaomba wenzangu wa steshenari kuanzia Tandale hadi Tandika: mteja akileta ramani ya mtaa iliyotokana na OpenStreetMap lakini isiyo na chanzo, msiiprinti kabla hamjaandika chini yake "© Wachangiaji wa OpenStreetMap" na anwani ya leseni, openstreetmap.org/copyright. Haichukui dakika. Na ninyi vijana mnaotengeneza programu kwenye vyumba vya kupanga Sinza, Mbagala na Yombo, mnapoiweka kazi yenu hadharani wekeni humo faili la leseni, hati za kuijengea, na orodha ya zana mlizotumia pamoja na masharti ya kila moja. Kazi isiyo na leseni hakuna anayeruhusiwa kuiendeleza, hata kama mliitoa kwa moyo mweupe. Fanyeni hivyo mkiwa bado pamoja na mradi ukiwa hai.